Kimetoka kwa Nani

Nilipelekwa kwenye chumba cha kumbukumbu kwa sababu ya koo. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na minne, madarasa ya watoto themanini na zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya tisini sauti ikaanza kunikatikia katikati ya somo. Mara za kwanza ilikuwa inarudi nikipumzika Jumamosi na Jumapili. Baadaye ikawa hairudi. Daktari aliniangalia kooni kwa kioo kidogo, akaniambia nisipaaze sauti tena, la sivyo nitabaki kunong'ona maisha yangu yote. Ofisi ya elimu ikaniuliza naweza kazi gani isiyohitaji sauti. Nikasema sijui. Wakanipeleka kituo cha elimu ya watu wazima, hapo hapo Ifakara, nikatunze vitabu.

Kituo chenyewe hakipo tena. Kilikuwa na madarasa matatu, karakana ya ushonaji, na jengo refu la matofali ya kuchoma ambalo nusu yake ilikuwa maktaba, na nusu nyingine tuliiita makumbusho. Maktaba haikunitisha. Vitabu vyake vingi vilitumwa kutoka nje kwa makasha, na vingi havikutufaa. Nakumbuka kimoja kinene cha kutunza bustani wakati wa theluji. Lakini kitabu kina jina lake limeandikwa juu. Ukikiokota sakafuni unajua umeokota nini. Kilichonitisha kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Siku mkuu wa kituo aliponifungulia mlango, nilisimama kizingitini sikujua niweke mguu wapi. Vitu vilikuwa vimelundikwa sakafuni na juu ya madawati mabovu: migono ya kutegea samaki, pondo za mitumbwi, vyungu vikubwa na vidogo, ngoma tatu ambazo ngozi zake zimeliwa na panya, majembe ya kufuliwa, mikeka iliyoviringishwa, vibuyu, vigoda, na rundo la vyuma ambavyo sikuweza hata kukisia ni vya nini. Hakuna kilichokuwa na karatasi. Vichache vilikuwa na alama za chaki, msalaba au duara, na hata hizo zilibaki kidoleni ukizigusa.

"Rejista iko wapi, mkuu?" nikauliza.

"Rejista ni mzee."

"Mzee yupi?"

"Aliyevikusanya. Amestaafu, na macho yamemwisha. Yuko Michenga kwa binti yake." Akanikabidhi funguo. "Wageni wakija wewe waoneshe tu. Kile kigoda pale mezani ndicho wanachokipenda."

Mwaka ule wa kwanza sikufanya la maana zaidi ya kupambana na maji na wadudu. Anayeijua masika ya bonde la Kilombero hahitaji kuelezwa. Ukuta ulilowa hadi usawa wa kiuno. Kila asubuhi nilikuta mchwa wamepandisha njia mpya za udongo, nami nazifuta kwa ufagio, na kesho yake zimerudi. Niliomba matofali, nikayapanga, nikatandika mbao juu yake ili kitu chochote kisiguse sakafu wala ukuta. Mikeka iliyoota ukungu niliianika barazani kivulini, si juani, kwa sababu jua linaikausha haraka ikapasuka. Vikapu viwili vilikuwa vimeliwa hadi vimekuwa unga. Niliwaita watu wawili wavione kwanza, tukaandika karatasi, tukatia sahihi wote watatu, ndipo nikavichoma. Mpishi wa kituo alinicheka. Kusaini kwa ajili ya kikapu kibovu! Sikuwa na sauti ya kubishana naye.

Hayo ya kuandikiana nilikuwa nimejifunza kwenye kozi ya wiki mbili Morogoro. Mama aliyetufundisha alikuwa mkali, anatembea katikati yetu na kitambaa cheupe mkononi kama anayetafuta vumbi. Alitufundisha kwamba kila kitu kinachoingia kipewe namba, na namba iandikwe pawili, kwenye kitu chenyewe na kwenye rejista. Kwenye kitu, unapaka kwanza tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, mahali ambapo mtu hatapaona kwa urahisi. Ikikauka unaandika namba kwa wino juu yake. Siku ukitaka kuifuta, inatoka yote bila kuacha kovu. Kwenye rejista kuna safu: jina la kitu, kazi yake, hali yake, kimetoka kwa nani, kimekuja kwa njia gani. Zawadi, kununuliwa, au kuazimwa. Nilirudi Ifakara na daftari kubwa la jalada gumu, nimelichora safu zote kwa rula, na chupa mbili za rangi ya kucha.

Nilipoanza kuandika niligundua kwamba naweza kujaza safu moja tu, ile ya hali. Hali yake: imepasuka. Hali yake: imeliwa na panya. Ndipo nikaamua kwenda Michenga.

Ilikuwa kiangazi, baiskeli inapita. Nilifunga mgono mmoja na vyuma vitatu nyuma ya kiti, nikaenda. Nilimkuta mzee amekaa barazani kwenye kitanda cha kamba, mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Binti yake alikuwa shambani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ni mwalimu. Natoka kituoni. Ndimi niliyepewa chumba chako."

"Mwalimu gani ananong'ona?"

"Koo limeharibika."

Akacheka kwa sauti kubwa, sauti ambayo mimi sikuwa nayo tena. "Basi wamepatia. Mmoja haoni, mwenzake hasemi. Umeniletea nini?"

Nikampa mgono. Aliugeuza, akapitisha vidole kwenye mdomo wa mtego, akauingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko, kisha akaunusa na kukunja uso.

"Umeupaka nini? Unanuka kama bibi harusi."

"Rangi ya kucha. Ni kwa ajili ya namba."

Hakuridhika, lakini aliendelea. Akanieleza kwamba ule ni mgono wa mto, si wa bwawa, kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba na fito zake zimekazwa mara mbili, na kwamba aliyeusuka alikuwa Mndamba, mwenyeji wa bonde hili, wa mkono wa kushoto, ona fundo linavyoelekea. Niliandika haraka haraka, nimeweka daftari magotini. Nilifurahi kiasi cha kusahau uchovu wa barabara. Nikauliza, "Ulitoka kwa nani?"

"Kwa wavuvi."

"Mvuvi gani, mzee?"

"Nimekwambia kwa wavuvi. Lete kingine."

Tukaendelea hivyo, Jumanne na Alhamisi, kiangazi chote. Sikumwona mtu anayevijua vitu kama yeye, na sikumwona mtu msumbufu kama yeye. Akiamka vibaya ananiambia nirudi kesho, nami nimeshaendesha baiskeli juani na chungu mgongoni. Na kumbukumbu yake haikuwa ukuta wa kuegemea. Kuna chuma kimoja kirefu chenye ndoano ambacho aliniambia ni cha kuwindia viboko. Baada ya wiki tatu nilikipeleka tena kwa makosa, kimechanganyika na vingine, akaniambia ni cha kuchokolea asali. Nikamkumbusha la kwanza. Alikasirika, akasema mimi ndiye sikusikia. Nilipofika nyumbani nilikaa na kalamu muda mrefu. Mwisho niliandika yote mawili, kila moja na siku aliyolisema, na jina la msemaji. Sikuwa na njia nyingine ya kuwa mkweli.

Lakini ile safu ya kimetoka kwa nani ilibaki tupu ukurasa hata ukurasa. Kwa wavuvi. Kwa wahunzi. Kwa akina mama. Nilidhani amesahau.

Kigoda kile cha wageni nilikipeleka mwishoni, kwa sababu kilikuwa kizito. Kilichongwa kutoka gogo moja, miguu mitatu mifupi, kipana kuliko vingine, na sehemu yake ya mbele imekatwa kuingia ndani kama mwezi mchanga. Nilikiweka magotini mwa mzee. Aliweka viganja viwili juu yake, na hakukigeuza.

"Kilikuwa kimekaa wapi?" akauliza.

"Mezani katikati, penye mwanga."

"Ndiyo. Nilikiweka mimi." Kisha akasema, bila kuulizwa, "Hiki ni cha mkunga wa Uchindile. Mama anayejifungua anakaa hapa, mkunga anapiga magoti mbele."

"Alikupa?"

"Aliniazima. Tulikuwa na maonyesho ya wakulima, tukatakiwa tupeleke vitu vya asili. Nilimwambia wiki moja."

"Ikawa muda gani?"

"Si unakiona hapa?"

Kuku walikuwa wanaparua chini ya kitanda chake.

"Wageni walikipenda," akasema. "Kila mgeni anakipiga picha. Nikasema, akishaondoka huyu nitakirudisha. Akaja mwingine. Nikasema, baada ya huyu." Alikipapasa ukingo kwa kidole gumba. "Kirudishe, mwalimu."

Alhamisi iliyofuata nikamuuliza tena kama ni Uchindile, akajibu ni Mlimba, nyuma ya stesheni. Nilipomwambia kwamba safari iliyopita alisema Uchindile, akasema mkunga alizaliwa Uchindile lakini aliishi Mlimba. Inawezekana alikuwa anajisahihisha. Inawezekana pia ilikuwa kama kile chuma cha viboko na asali. Nilirudi nyumbani sijui nikipeleke wapi, nimechoka zaidi ya nilivyokwenda.

Mkuu wa kituo alinisikiliza huku anasoma barua nyingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na paa linalovuja na walimu watatu wanaotaka uhamisho, na wageni waliosaidia kujenga karakana walikuwa wanarudi mwezi ule ule.

"Haiwezekani," alisema. "Hicho ndicho kinachotutambulisha. Wape kigoda kingine. Agiza fundi achonge."

"Walichoazimisha ni hiki, mkuu."

"Kwa neno la mzee kipofu?"

Nilifungua rejista juu ya meza yake, nikaweka kidole kwenye mstari wa kigoda. Jina la kitu nilikuwa nimeandika, na kazi yake, na hali yake. "Basi nisaidie kujaza hapa," nikasema. "Kimetoka kwa nani, na kwa njia gani. Wewe ukiandika zawadi, nitaacha."

Akachukua kalamu. Alisoma safu ile, akasoma mistari ya juu yake, akafungua ukurasa wa nyuma, nao ukiwa tupu pale pale. Akaiweka kalamu chini.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Wewe tu."

Alifuta uso kwa leso. Mwishoni alisaini karatasi ya kuruhusu kigoda kitoke, kwa masharti mawili: wageni wakipige picha kwanza, na mpokeaji asaini kwamba amepokea. Nikakubali yote.

Baada ya wageni kuondoka nilikifunga kigoda kwenye kitenge, nikapanda treni kwenda Mlimba. Nilikipakata njia nzima, maana chini kulikuwa na magunia na miguu ya watu. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alidhani ni mtoto mgonjwa, akaniuliza kama ananyonya. Nilimwambia ni kiti. Akaniangalia, akahamia karibu na dirisha.

Mlimba niliwauliza wanawake wanaouza vitumbua stesheni kama kulikuwa na mkunga wa zamani aliyetokea Uchindile. Mmoja alimjua. Alishafariki, akasema, lakini binti yake yuko, anakaa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Nilikwenda polepole. Nusu yangu ilikuwa inaomba nisimkute.

Nilimkuta uani, mwanamke wa miaka hamsini hivi, anatandaza mpunga kwenye turubai kwa mguu, mistari mistari, amejifunga kanga kiunoni. Nilimwamkia, akanipa kibao nikae. Nilikiweka kigoda pembeni kikiwa kimefungwa vile vile. Kwenye kozi tulifundishwa kwamba mtu akidai kitu, usimwoneshe kwanza. Mwache aseme mwenyewe. Sikupenda kumfanyia hivyo, lakini nilikuwa sijui mzee amesema kweli ipi.

"Dada, natoka Ifakara. Marehemu mama yako aliwahi kuazimisha kitu?"

Mguu wake ukasimama katikati ya mpunga.

"Wewe ni wa kile kituo."

"Ndiyo."

"Alikuja mwanamume mmoja mrefu. Mimi ndiye niliyempa maji ya kunywa. Alisema wiki moja." Hakuinua sauti. "Kigoda cha kuzalishia. Mguu mmoja umeungua kwa ndani, kaka yangu alikisukumia motoni akiwa mdogo. Na chini kuna ufa, baba aliuziba kwa nta."

Nilifungua kitenge. Nilikuwa nimeandika mambo yote mawili kwenye safu ya hali: mguu mmoja umeungua, ufa umezibwa kwa nta. Nilikuwa nimeyaandika kwa mwandiko mzuri na sikujiuliza hata siku moja nani aliunguza, nani aliziba.

Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akatazama mguu, akatazama ufa. Kisha akaiona namba.

"Na hii nini?"

"Ni namba yetu."

"Ifute."

Nilikuwa nimekuja na pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nikapiga magoti pale uani nikasugua, yeye amesimama juu yangu, hadi akaona mbao tupu. Kisha nikatoa karatasi ya mkuu nikamwomba asaini kwamba amepokea.

"Mama alisaini alipokitoa?"

"Hapana."

"Basi mimi nisaini nini?"

Nikaikunja karatasi. Akakaa juu ya kigoda, akakipima kwa mwili wake, akatikisa kidogo huku na huku. "Nilikuwa nakikumbuka kikubwa," alisema. Baada ya muda akaniambia kwamba baada ya kigoda kuondoka mama yake alikuwa akiwakalisha wanawake kwenye ndoo iliyogeuzwa na kufunikwa gunia, na kila mara analalamika kwamba haifai, inateleza. Alikuwa akiulizia kila aliyetoka Ifakara. Watu walichoka kuulizwa. Alivyokuwa anazeeka akaanza kuwaambia majirani kwamba labda hakuwahi kuwa na kigoda, labda aliota.

"Nisamehe," nikasema.

"Wewe hukukichukua."

"Nilikipaka namba."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama kituo. Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na sahani ya wali na samaki wa kukausha. "Kula," akasema. "Treni ya kurudi utaisubiri sana." Alikaa tena kwenye kigoda, akanitazama nikila.

Rejista niliijaza siku ya pili. Kimetoka kwa nani: kwa mkunga, Mlimba. Kwa njia gani: kuazimwa. Na mwisho wa mstari: kimerudishwa kwa binti yake, mpokeaji hakusaini. Mkuu alisoma, akapandisha mabega.

Nilikwenda Michenga kumwambia mzee. Nilidhani atafurahi na jambo litakuwa limekwisha.

"Alisaini?" aliuliza.

"Hapana."

"Ningekuwa mimi nisingesaini." Mikono yake mikubwa ilikuwa magotini, haina kitu cha kushika. "Mwalimu, una daftari lako hapo?"

"Ninalo."

"Kuna vingine."

Nilikuwa nimeshachoka na jua, na daftari, na kubeba vyungu vya watu. Lakini nikafungua. Siku ile aliniambia vitu saba, na wiki iliyofuata vinne zaidi, na sasa hakusema tena kwa wavuvi au kwa wahunzi. Alitaja majina na vijiji, alitaja mlango umeelekea wapi. Ngoma kubwa iliazimwa kwa ajili ya sherehe. Chungu cha chumvi aliomba kwa mjane, akamwambia kituo kitamletea kingine. Vyuma viwili alivikuta kwenye nyumba iliyohamwa, akavichukua tu. Kumbe ile safu hakuisahau hata kidogo. Alikuwa anaikwepa, kama mimi nilivyoikwepa nilipofurahia mafundo ya mgono.

Miaka iliyofuata ilikwenda hivyo. Nikipata nafasi ya gari la kituo, au treni, au baiskeli, natoka na kitu kimoja nakwenda kumtafuta mtu. Wengine walikuwa wameshakufa na watoto wao hawakujua ninazungumzia nini. Mjane wa chungu alikuwa hai. Alicheka sana, akasema vyungu anavyo, tukae nacho, na akaweka dole gumba kwenye karatasi kwa furaha kabisa. Ngoma waliichukua, wakanilaumu kwa ngozi iliyoliwa na panya, na walikuwa na haki. Mzee mmoja alinifukuza na fimbo kabla sijamaliza kujieleza. Koo langu halikuwahi kupona sawasawa, na safari zile za kujieleza mlango hadi mlango hazikulisaidia. Jioni mume wangu alikuwa akiniuliza jambo, namjibu kwa kichwa.

Jambo moja la miaka ile silisahau. Mzee mmoja wa Kisukuma, aliyekuwa amehamia bondeni na ng'ombe wake, aliingia maktaba kusoma gazeti, akapita kuchungulia upande wa pili. Alizunguka chumba chote akiwa ameshika kofia yake.

"Mwalimu, humu hamna kitu chetu," akasema.

"Hamjaleta."

"Tungeleta, mngeweka?"

Nilisita. Siku zile maneno yalikuwa mengi kati ya wakulima na wafugaji, mazao yameliwa, ng'ombe wamekamatwa, na nilijua wapo watakaoniuliza vitu vya wageni vinafanya nini kwenye makumbusho yetu. Nikamwambia tungeweka. Baada ya siku chache alikuja na kibuyu cha kusukia maziwa cha marehemu mke wake, kimepambwa shanga shingoni. Kabla sijafungua rejista akaniuliza, "Nikikitaka siku moja?"

Ndipo nikamsomea safu, moja baada ya nyingine, na kumwambia achague: zawadi, au kuazimwa. Alifikiri muda mrefu. Akasema kuazimwa, kwa sababu binti yake mdogo bado hajaolewa na huenda akakitaka. Akataka nakala ya karatasi. Nikamwandikia kwa mkono, tukasaini wote wawili, akaikunja mara nne na kuiweka ndani ya kofia. Ulikuwa mstari wa kwanza katika daftari langu ambao hauna nafasi hata moja tupu. Baada ya miaka miwili binti akaja na ile karatasi, akachukua kibuyu chake, tukaagana vizuri.

Mzee wa Michenga alifariki wakati wa masika, barabara imejaa maji. Habari zilinifikia siku ya tatu, ameshazikwa. Maji yalipopungua nilikwenda kuhani. Binti yake alinieleza kwamba siku za mwisho alikuwa akipapasa vitu vya ndani, kikombe, redio, kiatu, na kuuliza kila kimoja ni cha nani. Wajukuu walidhani ni mchezo, wakawa wanamjibu majina ya uongo, naye anakasirika. Mimi nilijua haukuwa mchezo, lakini sikumwambia. Nilikaa kidogo kwenye mkeka na wanawake wengine, nikarudi kabla mvua haijaanza tena.

Mwishoni mwa miaka ya tisini kituo kilifungwa. Tuliambiwa vitu vyote vitapelekwa mjini, kwenye jumba lenye nafasi na watu waliosomea. Walikuja wawili na lori, kijana mmoja wa kiume na msichana mwenye miwani. Siku ile nilikuwa na homa, malaria ilinishika tangu juzi yake, lakini makabidhiano hayaahirishwi kwa homa ya mtu. Nilikaa mlangoni na sweta, rejista magotini. Msichana anaita namba, kijana ananyanyua kitu, mimi naweka alama. Chuma chenye ndoano kilipofika, alisoma maelezo yangu mara mbili.

"Samahani, mama. Kuwindia viboko au kuchokolea asali?"

"Sijui."

"Niandike lipi?"

"Yaache yote mawili. Na siku zake."

Hakufurahi, nilimwona, lakini aliandika. Mistari mingine ilikuwa na neno haijulikani, kurasa nzima, na kila akifika hapo alikuwa ananiangalia juu ya miwani kana kwamba nitakumbuka ghafla. Nilitikisa kichwa tu. Tulimaliza jua likiwa limeshaelemea upande wa milima. Chumba kikabaki matofali na mbao, na njia mpya ya mchwa pembeni ya dirisha ambayo sikuifuta. Nilitia sahihi mara mbili, nikakabidhi funguo, nikaenda nyumbani kulala.